Mwili Ukisimama, Mikono Itakwenda Wapi?

Siku ya kwanza niliposhika fimbo ya gofu niliambiwa maneno manne, nami nikayashika kama mtoto wa chuoni ashikavyo alifu: "Usitumie mikono, zungusha mwili." Nikazungusha. Nyonga zikazunguka, kifua kikazunguka, na mikono nikaikaza mbele ya kifua kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vya kahawa. Mpira ukawa unatoka na mlio mkavu, unaanza kulia kidogo, halafu unazidi kupinda kulia mpaka unapotelea vichakani. Hiyo ndiyo slaisi, na Mombasa upepo wa kusi ukishashika, slaisi haina simile. Mpira unabebwa kama kishada kilichokatika uzi.

Hali hiyo ilidumu miaka miwili. Kila nilipolalamika nilijibiwa kwamba bado natumia mikono, nizidi kuzungusha. Nikazidi, na mpira nao ukazidi.

Naandika haya kwa sababu kila jioni nikienda mazoezini nawaona wenzangu wamekwama pale pale. Wako walioambiwa kama mimi, na wako walioambiwa kinyume: "Achia mikono! Geuza vifundo!" Hawa wa pili mipira yao hukatika kushoto, au hugonga ardhi kwanza inchi nne kabla ya mpira. Makundi yote mawili yamepewa nusu ya jambo. Kuzunguka kwa mwili na kuachia kwa mikono ni kitendo kimoja, na kila upande hauna nguvu bila ya mwenzake. Mimi sikulijua hilo kutoka kwa mwalimu wa gofu. Nililijua majini. (Nazungumza kama mchezaji wa mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze tu.)

Mjomba wangu ni mvuvi wa Mtwapa. Si mvuvi wa mashua kubwa, ni wa kimia, ule wavu wa mviringo unaotupwa kwa mkono, wenye chubwi za risasi zilizopangwa ukingoni pande zote. Jumapili moja nilikwenda kumwamkia maji yakiwa yanajaa, nikamkuta amesimama ndani ya maji mpaka magotini akitafuta chambo. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Akaendelea na kazi yake, nami nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikamtazama.

Alikikusanya kimia, sehemu moja akaitundika kwenye kisugudi cha mkono wa kushoto, ukingo akauuma kwa meno, nusu iliyobaki akaishika kwa mkono wa kulia. Akageuka taratibu kwenda kulia mpaka nikauona mgongo wake. Kisha miguu na kiuno vikarudi kwanza. Mikono ilikuwa bado iko nyuma, imelegea, imebeba uzito wa chubwi. Kiuno kikatangulia, kifua kikafuata, ndipo mikono ikavutwa kupita mbele, na mwisho kabisa viganja vikafunguka na meno yakaachia. Kimia kikapaa, kikafunguka duara kamili hewani, kikaanguka juu ya maji kwa mlio mmoja, kama manyunyu yaliyoanza na kuisha papo hapo.

Nikaomba nijaribu. Nikatupa vile vile ninavyopiga gofu, mikono imekazwa, mwili unazunguka. Kimia kikaanguka karibu yangu kimejikunja kama taulo. Nikatupa tena, mara hii nikasimama wima na kutia nguvu za mikono, nikakifungua mapema. Kikatoka kama ndizi, upande mmoja tu. Mjomba akaja nyuma yangu, akanishika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayegeuza mtungi mzito. "Mwili umeusimamisha," akasema. "Mwili ukisimama, mikono itakwenda wapi?" Nikatupa mara ya tatu, afadhali kidogo. Akaongeza: "Na usikishikilie. Kimia ukikishikilia kitakurudia."

Nilirudi nyumbani na sentensi mbili hizo, na tangu hapo nimekuwa nikizipima kwa kila nilichokisoma na kukiona kuhusu swingi, yaani mzunguko mzima wa kupandisha fimbo na kuishusha kupiga mpira.

Tuanze na muda, kwa sababu muda ndio unaovunja mafundisho mengi. Mchezaji mzuri hupandisha fimbo kwa robo tatu za sekunde hivi, na kuishusha mpaka kwenye mpira kwa robo sekunde. Uso wa fimbo na mpira hukutana kwa muda wa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Sasa binadamu, akiona jambo na kuamua kutenda, huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla mwili haujaanza kuitikia. Weka hesabu hizo pamoja. Anayejiambia "sasa nigeuze vifundo" fimbo ikiwa njiani amekwisha kuchelewa. Amri inafika mikononi wakati mpira uko hewani. Kwa hiyo kuachia mikono hakuwezi kuwa jambo la kuamriwa katikati ya safari. Kunatokana na jinsi ulivyoanza kushuka, kama vile kimia hufunguka kutokana na jinsi kiuno kilivyorudi.

Kuhusu kupandisha fimbo sina mengi. Mabega yazunguke karibu nyuzi 90, nyonga nusu yake au zaidi kidogo, mkono wa kushoto ulale juu ya kifua, vifundo vikunjike kwa uzito wa kichwa cha fimbo. Umefika.

Utajiri uko kwenye kushuka. Wachezaji wa kulipwa wamepimwa kwa vifaa vinavyosoma mwendo wa kila kiungo, na mpangilio unaojitokeza ni ule ule: nyonga kwanza, kisha kifua, kisha mkono wa kushoto, kisha fimbo. Kila kimoja hufika kilele cha kasi yake baada ya kilichotangulia, na kilele chake ni kikubwa zaidi. Nyonga hufikia nyuzi 400 hadi 500 hivi kwa sekunde, na fimbo mwishoni hupita nyuzi 2,000. Tena nyonga huanza kurudi wakati mikono bado inamalizia kupanda, kwa hiyo kwa kitambo kidogo sana nusu ya chini ya mtu inakwenda kushoto na nusu ya juu bado inakwenda kulia. Hapo ndipo misuli ya ubavuni na mgongoni huvutika kama mpira wa manati.

Kuna jambo hapa linalowapotosha watu wazima na akili zao. Vipimo hivyo huonyesha pia kwamba kila kiungo kikishafika kilele chake hupungua kasi, na kupungua huko ndiko kunakompa kasi anayefuata. Mtu akisikia hivyo husema: kumbe nyonga zisimame ili mikono ipite! Huo ni ufahamu wa abiria wa matatu. Dereva akifunga breki, abiria wanarushwa mbele, ni kweli. Lakini katika swingi hakuna anayekanyaga breki. Nyonga zinapunguzwa na mzigo zinaourusha. Kifua kikiondoka kwa kasi kinazivuta nyonga kwa nyuma, na mikono ikirushwa inakivuta kifua kwa nyuma. Mwili unaendelea kujitahidi kuzunguka, na kile kinachoonekana kwenye vipimo kama breki ni uzito wa kazi yenyewe. Ukiusimamisha kwa makusudi, unapata kile kimia cha ndizi.

Miaka ya 1960 kundi la wanasayansi wa Uingereza, likiongozwa na Alastair Cochran, lilichunguza swingi kwa miaka kadhaa na kutoa matokeo yake mwaka 1968. Walirahisisha mchezaji mpaka akabaki vijiti viwili vilivyounganishwa kwa bawaba. Kijiti cha juu ni mabega na mikono, kikizunguka juu ya kitovu kilichopo karibu na sehemu ya juu ya kifua. Kijiti cha chini ni fimbo. Bawaba ni vifundo vya mikono. Ukikizungusha kile cha juu, kile cha chini hubaki nyuma kimekunjwa, halafu kinafika mahali kinafunguka chenyewe, hakuna anayekisukuma. Kikifunguka, cha juu hupungua kasi na cha chini huchomoka. Mimi naona huo mfano wa vijiti viwili ni mojawapo ya maelezo bora kabisa yaliyowahi kutolewa kuhusu mchezo huu, kwa sababu unaonyesha kwamba kuachia ni kitu ambacho fimbo inataka kufanya. Kazi ya mchezaji ni kuizungusha vizuri na kutoizuia. Miaka miwili mimi nilikuwa kizuizi.

Lakini ule mfano una kitovu kilichopigiliwa msumari, na sisi hatukupigiliwa msumari. Sisi kitovu chetu ni mwili ulio hai, nao una kazi kubwa wakati wa kugonga. Chukua draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali. Kichwa chake kina uzito wa gramu 200 hivi, kasoro kidogo ya robo kilo. Kikipita kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa, kama wanavyofanya wachezaji wa kulipwa, mvuto wake kwenye mikono unazidi uzito wa kilo 30. Kilo 30! Kama theluthi ya gunia la mahindi inaning'inia vidoleni kwa kitambo kisichohesabika, likikuvuta kwenda nje na chini. Nani anayelishika? Vidole haviwezi. Linashikwa na mguu wa kushoto unaojinyoosha kusukuma ardhi, nyonga ya kushoto inayorudi nyuma, na kifua kinachoendelea kugeuka na kuuvuta mshiko kuelekea ndani na juu. Aliyewahi kuzungusha jiwe kwenye teo analijua hili mkononi mwake: jiwe linakwenda nje kwa sababu wewe unavuta ndani, na ukiacha kuvuta, uzi unalegea na jiwe linapoteza mwendo.

Ndiyo maana mwili ukisimama mikono inaharibika, hata ikiwa mikono yenyewe ni mizuri. Mshiko unasimama, fimbo haisimami. Inaupita mshiko, kifundo cha kushoto kinavunjika kwa nyuma, kichwa cha fimbo kinabetuka juu. Makedi (wabeba fimbo) hapa pwani wakimwona mtu anapiga hivyo husema "amebetua", na hakuna neno linalofaa kuliko hilo. Anayebetua leo hugonga ardhi, kesho hugonga kichwa cha mpira, kesho kutwa hupiga mmoja mzuri ajabu akaamini amepona.

Na upande wa pili? Mwili unazunguka vizuri, nyonga zimefunguka, kifua kimefunguka, lakini mikono imeshikiliwa. Huyo ni mimi. Uso wa fimbo haujapata kurudi. Mpira huondoka hasa kuelekea kule uso unakotazama, na hupinda kutokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Uso ukitazama kulia kwa nyuzi 5 tu, kwenye umbali wa mita 200 umekwisha kukosea kwa mita 17, hata kabla ya kupinda. Kadiri nilivyozidi kuzungusha bila ya kuachia, njia ya fimbo ilizidi kukata kwenda kushoto na uso ukazidi kubaki wazi. Dawa niliyopewa ilikuwa inalisha ugonjwa.

Kuachia kwenyewe kuna mambo matatu yanayotokea karibu pamoja. Vifundo vilivyokunjwa vinakunjuka. Mikono iliyolala kifuani inaondoka na kunyooka. Na vigasha vinageuka, cha kulia kikipanda juu ya cha kushoto, kiasi kwamba uso wa fimbo uliokuwa ukitazama mbele yako fimbo ilipofika usawa wa kiuno upande wa kulia, unatazama upande wa pili ifikapo usawa wa kiuno upande wa kushoto. Hili la tatu ndilo lililonitesa, nikalipata kwa fyekeo.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa fyekeo. Bapa refu la chuma lililopindwa mbele, lenye makali, na kila mara kulikuwa na Ijumaa moja ya kufyeka uwanja. Kumbuka wale waliokuwa wanajua. Walisimama miguu wameitanua, mkono umelegea, fyekeo likapita chini na nyasi zikaruka. Kifundo kilikuwa kinageuka kila mara, makali yakitangulia, na kiuno kilikuwa kinakwenda na mkono. Anayekaza kifundo hakati, analaza nyasi tu. Na anayefyeka kwa mkono mtupu, kiuno kimeganda, fyekeo linamalizia safari yake kwenye muundi wa mguu wake mwenyewe. Nilikwenda kulitafuta fyekeo la zamani nyumbani kwa mama Kilifi, nikasimama uani nikalizungusha kwa mkono wa kulia, polepole, kisha kwa mkono wa kushoto kwa nyuma ya kiganja. Dakika kumi zikatosha. Mkono ulikuwa unajua tangu darasa la tano. Ulikuwa umekatazwa tu.

Sasa swali gumu: vigasha vigeuke kiasi gani? Jibu langu, baada ya kulizungukia sana, ni kwamba inategemea kifua kimefanya nini. Kifua kikizunguka kinaubeba uso wa fimbo pamoja nacho. Kikizunguka sana na bila kusita, vigasha vina kazi ndogo ya kumalizia. Kikizunguka kidogo, vigasha vina kazi kubwa, na kazi kubwa katika muda mfupi huhitaji mazoezi mengi zaidi kuiweka sawa. Ndiyo maana mabingwa wawili wanaweza kufundisha mambo yanayoonekana kupingana na wote wawili wakawa wakweli.

Henry Cotton, Mwingereza aliyeshinda mashindano ya The Open mwaka 1934, 1937 na 1948, alihubiri mikono maisha yake yote. Aliwapigisha wanafunzi wake tairi kuukuu kwa fimbo, mkono mmoja mmoja, ili vifundo na viganja vipate nguvu na akili. Ben Hogan wa Marekani alikwenda njia nyingine. Ujana wake alisumbuliwa na huki, mpira unaochomoka chini na kukatika kushoto, kwa sababu mikono yake ilikuwa miepesi kupita kiasi ya kugeuza uso. Akahangaika nayo kwa miaka, akaulegeza mshiko kwa kuusogeza mkono wa kushoto, akajifunza kuukunja kifundo cha kushoto kule juu ili uso ukawie kufunga, na mwaka 1955 gazeti la Life likachapisha siri hiyo. Kwa kinga hiyo angeweza kuzungusha mwili kwa nguvu zake zote na kuachia mikono bila hofu ya kushoto.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. Dunia nzima ya wachezaji wa wikiendi, ambao wengi wao wana slaisi, wakachukua dawa ya mtu mwenye huki wakainywa. Mshiko uliolegezwa, uso uliochelewa, nyonga zinazokimbia. Mpaka leo mafundisho mengi tunayorithishana viwanjani yana asili hiyo, na hakuna anayemuuliza mgonjwa anaumwa nini kabla ya kumpa. Hogan aliachia mikono, tena kwa nguvu. Kilichofichika ni kwamba yeye alizaliwa nayo iliyo huru, kwa hiyo hakuhitaji kujikumbusha.

Machi 2023 nilipanda treni kwenda Nairobi kutazama Kenya Open pale Muthaiga. Mashindano hayo yalianza mwaka 1967, Seve Ballesteros aliyashinda 1978, na mwaka huo niliokwenda alishinda Mhispania mwenziwe, Jorge Campillo. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kwa hewa hiyo nyepesi mpira huruka mbali kuliko tulivyozoea sisi wa pwani. Lakini mimi sikwenda kutazama umbali. Nilisimama kwenye sehemu ya mazoezi, nyuma ya mstari wa mpira, nikawa natazama mifuko ya nyuma ya suruali. Jaribu siku moja. Mchezaji akiwa anajiandaa unaona mfuko wa kulia tu, mwili wake umekaa upande. Wakati wa kugonga, kila mmoja wao bila kukosa, mifuko yote miwili ilikuwa inanitazama. Nyonga zimekwisha kufunguka nyuzi 40 hivi, na kifua kimefunguka pia, kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Kwa wenzangu wa nyumbani, na kwangu kwenye video za zamani, mtu aliyebetua huonyesha mfuko mmoja.

Kisha nikahamia upande, uso kwa uso na mchezaji, nikatazama mikono. Hapo nikaona kile nilichokuwa nimekikosa kwa miaka miwili. Kitambo kidogo baada ya mpira kuondoka, mikono yote miwili imenyooka kabisa, kulia na kushoto, pembetatu ndefu mbele ya kifua, na fimbo iko katikati ya pembetatu hiyo. Kifua bado kinazunguka na mikono iko mbele yake. Hakuna aliyemwacha mwenziwe. Mikono inapokuja kukunjika tena, fimbo imekwisha kupita kiuno na kupanda. Nilitazama kwa muda wa karibu saa tatu, jua la Nairobi likanichoma shingo, nikaona mara mamia, mipigo mifupi na mirefu, aioni (fimbo ya kichwa cha chuma) ndogo na draiva, mchezaji mnene na mwembamba, na pembetatu ilikuwepo.

Niliporudi Mombasa niliacha kupiga swingi nzima kwa miezi mitatu. Nilichukua aioni namba 7, nikapandisha kutoka kiunoni na kumalizia kiunoni, si zaidi. Taulo dogo nikalibana kwa makwapa yote mawili, likipita kifuani, ili mikono isiondoke peke yake wala kifua kisiondoke peke yake. Likianguka kabla ya kugonga, mmoja amemkimbia mwenziwe. Mipira 40 hivyo, kisha bila taulo. Baina ya hapo nilikuwa nageuza fimbo juu chini, nashika upande wa kichwa na kuizungusha hewani nikisikiliza. Fimbo hulia pale inapokwenda kasi zaidi. Mwanzoni ilikuwa inalia karibu na mguu wangu wa kulia, maana yake nilikuwa namwaga kasi yote kabla ya kufika. Kusogeza ule mlio mpaka mbele ya mguu wa kushoto kulinichukua wiki tano, na haukusogea kwa kutumia nguvu. Ulisogea nilipoanza kwa uzito wa mguu wa kushoto na kuiacha mikono ikae nyuma bila haraka, kama ile ya mjomba yenye chubwi.

Tairi nalo nililijaribu, kuukuu la gari dogo, nikaliegemeza kwenye mti. Fimbo ikigonga tairi husimama ghafla, na hapo unaweza kujitazama: mshiko uko mbele au umepitwa? Nyonga zinatazama wapi? Kisigino cha kulia kimenyanyuka? Ni kioo kizuri kuliko video, mradi utumie fimbo ya zamani usiyoijali na upige taratibu, kwa sababu vifundo huumia.

Siku ya kwanza ya kupiga swingi nzima tena, kedi mmoja kijana, anayecheza vizuri kuniliko mimi, alikaa kwenye nyasi akanitazama mipira sita bila neno. Wa saba ulitoka ukiwa chini, ukapanda, ukaegemea kushoto mwishoni kama mtu anayegeuza kichwa kusikiliza. Akasema, "Bosi, leo umemaliza." Nikamuuliza nimemaliza nini. "Swingi. Zamani ulikuwa unaiacha njiani."

Nataka kusema jambo kuhusu wazee na watu wa ofisini, kwa sababu naona wanaonewa. Mtu anayekaa kitini saa tisa kwa siku, au mama wa miaka 60, hana nyonga za kijana wa miaka 24 wa kwenye televisheni. Kumwambia azungushe zaidi ni kumtuma kwa daktari wa mgongo. Mruhusu anyanyue kisigino cha kushoto anapopandisha fimbo. Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18, alikinyanyua miaka yote. Mgeuzie unyayo wa kushoto nje kidogo ili nyonga ipate nafasi ya kufunguka wakati wa kushuka. Mruhusu mikono ifanye sehemu kubwa zaidi ya kazi, vigasha vigeuke zaidi, na mwili uzunguke kwa kadiri unavyoweza, mradi usisimame. Atapoteza hatua chache za umbali na atapiga mpira ulionyooka, na ataendelea kucheza akiwa na miaka 75.

Wako pia wenye tatizo adimu zaidi, mara nyingi ni vijana wenye nguvu: mwili unakimbia mno na mikono inabaki nyuma ya nyonga ya kulia, imebanwa, haina njia. Leo mpira unakwenda kulia moja kwa moja, kesho mikono inajiokoa kwa kugeuka ghafla na mpira unakatika kushoto. Kwao namna nzuri niliyoiona ni kupiga miguu ikiwa imeshikana, visigino vimegusana. Ukikimbiza nyonga unaanguka.

Mimi kwa sasa aioni zangu ziko salama. Draiva ni ndefu zaidi, kichwa chake kinachelewa zaidi kurudi, na kusi ikivuma kwenye yale mashimo tisa ya klabu ya Mombasa yaliyo kando ya bahari, mikono yangu bado hukumbuka kukazana. Hofu inaanzia vidoleni, nimelichunguza hilo: vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia hubana kabla sijajua nimeogopa. Kwa hiyo nikiwa kwenye tii, pale pa kuanzia shimo, navikunjua na kuvikunja mara moja kabla ya kupandisha fimbo.

Mjomba amenishonea kimia kidogo cha kujifunzia, chubwi chache, ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Jumapili maji yakijaa natupa mara ishirini nikiwa ndani ya maji, yeye amekaa juu ya mtumbwi anatengeneza nyavu zake. Juzi mara tatu kati ya ishirini kilifunguka duara. Kwa hizo tatu, wala sikumbuki viganja vyangu vilifunguka wakati gani.